Kiwanja kilichogeuka: kisa cha @32<70

Afande, mteja tuliyemchorea nyumba, alinipigia simu saa tatu asubuhi, na kabla ya salamu akasema, "Mwalimu, huyu Jaja wa nyuma amesogeza jiwe. Amekula mita nne." Nyuma ya sauti yake nilisikia watu wengi wakizungumza kwa pamoja, na panga likikata kitu kibichi. Nilimwomba jambo moja tu: asikate mgomba mwingine mpaka nifike.

Niseme mapema ili msomaji asimdhanie vibaya mama wa watu. Jaja, yaani bibi mwenye shamba nyuma ya kiwanja, hakusogeza jiwe lolote. Kosa lilitoka kwenye kompyuta yetu, katika chumba kidogo mjini Jinja ambamo mimi huchora ramani za nyumba na kuwafundisha vijana uchoraji. Naandika kisa hiki chote, pamoja na vipimo, kwa sababu mchoro wetu ulipita kila ukaguzi tuliokuwa tukiuamini. Umbo lilifunga. Eneo lilikuwa sahihi. Urefu wa kila upande ulikuwa sahihi. Hata hivyo, mchoro ulikuwa wa kiwanja ambacho hakipo duniani.

Kiwanja chenyewe kiko mashariki ya mji, mbali kidogo na barabara kubwa. Hapa kwetu watu hununua ardhi kwa desimali, yaani sehemu ya mia ya eka, na viwanja vingi ni vile vya futi hamsini kwa mia. Hiki cha afande kilikuwa kikubwa zaidi, na pande zake hazikulingana. Mpima ardhi alikuwa ameshafanya kazi yake, akapanda mawe manne ya mpaka mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na majirani, Jaja akiwemo. Kisha akampa afande karatasi yenye koordineti za jiwe la kwanza, tuliite A, ambazo ni mashariki 1000.00 na kaskazini 500.00 kwa mfumo wake wa pale pale, pamoja na beringi (pembe ya mwelekeo) na umbali wa kila upande:

A hadi B: 70°00', mita 32.00
B hadi C: 155°00', mita 18.50
C hadi D: 247°30', mita 36.00
D hadi A: 346°43', mita 20.14 (barabara)

Nyuma ya karatasi kulikuwa na mchoro wa mkono wa kiwanja, wenye mshale wa kaskazini. Afande alipiga picha upande wa mbele peke yake, akatutumia kwa WhatsApp. Kijana wangu, ambaye alikuwa na miezi minne kazini, akaanza kuchora.

Orodha ya namna hii ndiyo mahali pake hasa pa koordineti za polari zinazohesabiwa kutoka nukta ya mwisho. Badala ya kupiga hesabu ya kila kona iko wapi kutoka kwenye asili ya mchoro (nukta 0,0), unaiambia programu: toka hapa ulipo, nenda umbali huu, kwa pembe hii. Unaandika alama ya @, umbali, alama ya <, kisha pembe. Alama ya @ maana yake ni "kutoka nukta niliyoishia". Ukiandika @18.5<155, programu husimama kwenye nukta ya mwisho, hutazama pembe 155, na hupiga mstari wa vipimo 18.5. Nukta uliyofika inakuwa ya kuanzia safari inayofuata. Ni kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: kutoka dukani nenda hatua kadhaa upande huu, ukifika kwenye mwembe geukia kule. Programu ya kuchora ya AutoCAD inasoma hivyo, na LibreCAD, ambayo ni ya bure na ndiyo ninayowaanzishia wanafunzi wangu, inasoma hivyo pia.

Kijana aliandika 1000,500 kwa jiwe A, kisha @32<70, @18.5<155, @36<247.30 na @20.14<346.43. Hakutumia herufi C ya kufunga umbo, na kwa hilo nampongeza mpaka leo. C huvuta mstari hadi mwanzo bila kujali kama vipimo vyako vinafika, kwa hiyo huficha pengo. Yeye aliandika upande wa mwisho kwa mkono, kisha akapima nafasi kati ya nukta ya mwisho na A. Akakuta pengo la sentimita 14 na nusu.

Akaja kwangu. Nikaangalia alichoandika, nikaona kosa mara moja: dakika 30 alizigeuza kuwa desimali .30, na dakika 43 kuwa .43. Digrii moja ina dakika 60, kwa hiyo 247°30' ni 247.5, na 346°43' ni karibu 346.717. Kwa upande wa mwisho peke yake, kosa hilo la kama digrii 0.29 kwenye mita 20 ni sentimita 10 kamili. Nikamwonyesha kwamba programu inakubali dakika zenyewe ukiweka herufi d mahali pa alama ya digrii: @36<247d30' na @20.14<346d43'. Akarudia. Pengo likashuka hadi chini ya milimita 3, kwa mzunguko wa mita 106.64. Hilo ni kosa dogo kuliko 1 kwa 36,000. Akapima eneo: mita za mraba 652.68, yaani karibu desimali 16, na ndizo afande alizolipia.

Hapa ndipo nilipoanguka mimi. Tulikuwa tumetafuta kosa, tumelipata, tumelirekebisha, na namba zikakaa vizuri kuliko tulivyotarajia. Moyo ukatulia. Kosa lililopiga kelele lilikuwa limetufunika lile lililokaa kimya, nami nikatia sahihi bila kuuliza swali ambalo huwauliza wanafunzi kila muhula: sifuri yako iko wapi?

Kompyuta isipoambiwa vingine, sifuri yake iko mashariki, upande wa namba 3 kwenye uso wa saa, na pembe huongezeka kinyume cha mwendo wa mishale. Hivyo ndivyo wanahisabati wanavyohesabu, na hivyo ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Mpima ardhi, kama baharia, sifuri yake iko kaskazini, na pembe huongezeka kufuata mwendo wa mishale. Kwa hiyo mpima akisema 70, anasema: tazama kaskazini, geuka kulia digrii 70. Kompyuta ikisoma 70, inafanya hivi: inatazama mashariki, inageuka kushoto digrii 70. Namba ni moja, lakini kila mmoja anaelekea kwingine kabisa.

Tazama upande wa kwanza. Mita 32 kwa beringi 70 zinakupeleka mita 30.07 mashariki na mita 10.94 kaskazini. Mchoro wetu ulikwenda mita 10.94 mashariki na mita 30.07 kaskazini. Namba mbili zilibadilishana viti. Upande wa pili vivyo hivyo, na wa tatu, na wa nne. Kila hatua ya mashariki ikawa ya kaskazini, na ya kaskazini ikawa ya mashariki. Ukifanya hivyo kwa umbo zima, umelitazama kwenye kioo kilichosimamishwa kwenye mstari wa digrii 45. Jiwe C, ambalo kwa kweli liko karibu mita 38 mashariki ya A na karibu mita 6 kusini yake, kwenye mchoro lilikuwa mita 38 kaskazini na mita 6 magharibi.

Sasa fikiri kioo hubadilisha nini. Hakirefushi upande, hakikuzi eneo, wala hakifungui umbo lililofungwa: kama jumla ya hatua za mashariki ni sifuri na jumla ya hatua za kaskazini ni sifuri, kubadilishana viti hakuondoi sifuri yoyote. Hata pembe za ndani zilibaki zile zile: 96°43' kwenye A, 95° kwenye B, 87°30' kwenye C, 80°47' kwenye D, jumla 360. Ukaguzi wetu wote uliuliza maswali ambayo kiwanja na picha yake ya kiooni huyajibu sawasawa. Tofauti ilikuwa moja: duniani, ukitoka A kwenda B, C na D, unazunguka kufuata mwendo wa saa. Kwenye mchoro wetu herufi zilizunguka kinyume. Ukikokotoa eneo kwa mkono, kwa kuzidisha koordineti kimshazari, jibu hutoka na alama ya kutoa au ya kujumlisha kulingana na mzunguko huo, na mtu makini angeshtuka. Kompyuta hukuonyesha eneo bila alama hiyo.

Kuna jambo lingine lililotusaidia kupotea. Kwenye mchoro uliogeuka, upande wa DA, wenye barabara, ulitokea chini ya ukurasa, ukiwa umeinama digrii 13 tu. Sisi wachoraji wa nyumba tumezoea barabara ikae chini na mlango utazame msomaji. Kijana akazungusha umbo lote kwa digrii 13 na dakika 17, barabara ikalala sawa, akaanza kupanga vyumba. Kila mtu aliyeutazama mchoro ule aliuona wa kawaida. Kama barabara ingetokea juu au ubavuni, labda mmoja wetu angekuna kichwa. Na kuzungusha hakurekebishi kioo: kandambili ya kushoto uizungushe utakavyo juu ya sakafu, haitaingia mguu wa kulia.

Nilipofika kiwanjani nilikuta fundi amesimama kando na uzi wake, amenyamaza. Alikuwa ameambiwa aanze na kupima mipaka, na alifanya inavyostahili. Ukisimama barabarani ukatazama ndani, jiwe la mbele kushoto ni A na la kulia ni D. Mchoro wetu ulisema upande wa kushoto una mita 36. Alivuta tepu kutoka jiwe la kushoto, akalikuta jiwe la nyuma kwenye mita 32. Afande akamwamuru aendelee hadi 36, na hizo mita nne ziliingia ndani ya shamba la matoke la Jaja. Migomba miwili ilikuwa imelala chini.

Jaja alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya migomba yake, na wajukuu nyuma yake. Hakupiga kelele. Aliniambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mwanangu, hili jiwe nililiona likipandwa. Nilikuwa nimesimama hapa." Nchi hii watu wameuana kwa ajili ya jiwe la mpaka, na kila aliyekuwa pale alilijua hilo, afande zaidi ya wote.

Nilimuuliza fundi kama amepima upande wa kulia. Akasema amepima, ila hakuna aliyetaka kumsikiliza. Mchoro ulisema mita 32 upande wa kulia, naye jiwe alilikuta kwenye 36. Hapo nikaanza kuelewa. Upande mmoja umepungua mita nne, upande wa pili umezidi mita nne. Mwizi wa ardhi hapunguzi kushoto akakurudishia kulia kwa kipimo kile kile. Namba zilikuwa hazijapotea, zilikuwa zimehamia upande mwingine.

Sikusema kitu bado, kwa sababu nilitaka uthibitisho ambao afande angeuona kwa macho yake. Nikamwomba fundi tupime mishazari. Kutoka jiwe la mbele kushoto hadi la nyuma kulia mchoro ulidai 39.75, nasi tukapata 38.34. Kutoka la mbele kulia hadi la nyuma kushoto mchoro ulidai 38.33, nasi tukapata 39.74. Nikamkabidhi afande karatasi ashike mwenyewe, nikamwambia abadilishe kushoto na kulia. Kila kipimo kikakaa mahali pake, ndani ya sentimita moja. Kama jiwe hata moja lingekuwa limesogezwa, pande nne na mishazari miwili visingekubaliana hivyo.

Kisha nikamuuliza, "Afande, jua linatua upande gani wa kiwanja chako?" Akaonyesha barabara kwa kidole. Mto Naili uko magharibi ya Jinja, na barabara ya kiwanja iko upande huo wa Naili. Mshale wa kaskazini kwenye mchoro wetu ulidai barabara iko kusini. Mwezi mzima afande alikuwa na karatasi inayosema baraza yake itatazama kusini, na sisi hatukumuuliza swali ambalo mtoto wa pale angelijibu bila kupima chochote. Hapa karibu na Ikweta, baraza inayotazama magharibi huchomwa na jua kila jioni ya mwaka. Hata mpango wa vyumba ulihitaji kufikiriwa upya, mipaka ikiwa sawa au isipokuwa sawa.

Tulirudi ofisini na kijana tukauchora upya kwa njia tatu tofauti, ili aone kwamba zote zinafika pale pale.

Ya kwanza ni kugeuza kila beringi kabla ya kuiandika: toa beringi kutoka 90. Upande wa AB unakuwa @32<20, BC @18.5<-65, CD @36<-157.5, na DA, ukijumlisha 360 ili kuondoa alama ya kutoa, @20.14<103d17'. Pembe hasi programu inazikubali. Njia hii haigusi mipangilio ya mchoro, ila inakudai hesabu kwenye kila mstari, na traversi (mfululizo wa pande zilizopimwa) yenye pande 40 itakuchosha hadi ukosee.

Ya pili ni kuingia kwenye amri ya UNITS, kuweka sifuri kaskazini na kuchagua mwendo wa mishale ya saa. Baada ya hapo beringi zinaandikwa kama zilivyo kwenye karatasi, na @32<70 ile ile iliyotuponza inakuwa sahihi. Ni njia nyepesi, na vijana wengi wataipenda. Mimi naiogopa kidogo. Mpangilio huo hubaki ndani ya faili. Mwenzako akilifungua wiki ijayo ili achore ukuta, akaandika @5<0 akitegemea kwenda kulia, ukuta utapanda juu, na asipojua sababu anaweza kuanza kurekebisha vitu visivyo na kosa.

Ya tatu ndiyo niliyoichagua kwa ofisi yetu: kuweka aina ya pembe iwe ile ya wapima ardhi, sifuri na mwendo vikiachwa kama vilivyokuja. Hapo mwelekeo unaandikwa kwa majina yake: @32<N70dE, @18.5<S25dE, @36<S67d30'W, @20.14<N13d17'W. Lazima ubadilishe beringi ya duara zima kuwa ya robo, inayohesabiwa kutoka kaskazini au kusini kwenda mashariki au magharibi, na hiyo ni kazi kidogo, lakini kila mstari unakulazimisha useme mdomoni unaelekea wapi. Mtu akiandika kaskazini-mashariki kisha akaona mstari umeteremka, atashtuka hapo hapo. Namba 70 peke yake haimshtui yeyote. Na ikiwa upande unaelekea beringi 45 au 225, kosa la kioo halionekani kabisa kwenye mstari huo, kwa sababu ndiyo mielekeo miwili ambayo mpima na kompyuta wanakubaliana.

Kijana aliniuliza kama kuisahau @ ni hatari kuliko hili. Nikamwambia hapana. Usipoiandika, na kama uingizaji wa kwenye kishale (Dynamic Input) umezimwa, programu inahesabu kutoka kwenye asili ya mchoro, na mstari wako unaruka zaidi ya kilomita moja kutoka A. Utauona. (Uingizaji huo ukiwa umewashwa, AutoCAD yenyewe huchukulia nukta ya pili na zinazofuata kuwa za kuhesabiwa kutoka ya mwisho, na ukitaka ihesabu kutoka asili unatanguliza alama ya #.) Dakika zilizogeuzwa desimali nazo zilijitangaza kwa pengo la sentimita 14. Sifuri iliyokosewa haikujitangaza kwa namna yoyote ndani ya faili. Ilibidi kitu cha nje kiseme: jiwe, jua, Naili, au Jaja.

Tangu siku hiyo mchoro wa kiwanja hautoki ofisini bila picha za kurasa zote mbili za karatasi ya mpima, na bila mtu kumpigia mwenye kiwanja na kumuuliza ukisimama barabarani jua la jioni liko wapi. Tunaangalia pia herufi za kona zinazunguka upande gani kwenye karatasi na kwenye skrini. Vitu hivi havichukui dakika tano.

Siku ya pili nilikwenda na kijana nyumbani kwa Jaja. Nilitaka aione sura ya mtu aliyetuhumiwa kwa sababu ya mstari alioandika, nami nilitaka nionekane kwamba sahihi ilikuwa yangu. Ofisi ililipa migomba miwili kwa bei aliyoitaja mwenyewe, na hakutaja kubwa. Afande alikuwa ametangulia kufika. Alikuwa amevua kofia, amekaa chini kwenye mkeka, na walikuwa wakizungumza habari za mvua.

Fundi alipokea mchoro mpya siku ya Jumatatu. Aling'oa vigingi vyote, akaanza tena kutoka jiwe A. Tepu ikasimama juu ya jiwe la nyuma kwenye 32.00, Jaja akitazama kutoka upande wake wa mpaka.